Kabla Hujaiamini Namba: Mwongozo kwa Anayeingia Maabara ya Baiokemia

Mwanafunzi anayeingia maabara ya baiokemia kwa mara ya kwanza huogopa vitu visivyostahili. Huogopa kuvunja neli, huogopa asidi, huogopa kuulizwa swali mbele ya wenzake. Neli hununuliwa nyingine, asidi ina kanuni zake zinazojulikana, na swali halijawahi kumuunguza mtu. Kinachostahili kuogopwa ni namba. Mashine itakuandikia 0.482 bila haya yoyote, iwe umeweka sampuli sahihi, umeweka maji, au umegeuza kuveti upande usiopitisha mwanga. Kazi yako kwa muhula mzima ni kujua ni lini uiamini namba hiyo na ni lini uikatae.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, awe anasomea udaktari, famasia, kilimo, sayansi ya chakula au baiokemia yenyewe. Mazoezi ya mwanzo hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: kutengeneza bafa, kupima protini, kuchunguza kimeng'enya. Nitayapitia kwa mpangilio huo, na nitakaa zaidi kwenye mate na wanga, kwa sababu zoezi hilo linalodharauliwa ndilo linalowadanganya wengi.

Kabla ya siku yenyewe

Karatasi ya maelekezo kwa kawaida hutolewa mapema, lakini wengi huisoma wakiwa tayari wamesimama mezani, bika mkononi. Isome usiku wa kuamkia zoezi. Chora jedwali la neli zote: neli ya 1 inawekwa nini, kiasi gani, ya 2 vivyo hivyo, mpaka ya mwisho. Kisha jumlisha ujazo wa kila neli. Kama moja inafika mililita 5.0 na jirani yake 4.5, ama karatasi ina kosa ama wewe umeruka kitu, na ni nafuu kuligundua hilo bwenini kuliko kuligundua zimebaki dakika 40 maabara ifungwe.

Mambo ya usalama nitayasema kwa ufupi kwa sababu utayasikia tena na tena. Vaa koti la pamba la mikono mirefu na viatu vinavyofunika vidole. Kandambili ziache bwenini. Pamba, kwa sababu nailoni ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nywele zifungwe, na mwenye mtandio au hijabu achomeke ncha zake ndani ya koti. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi: asidi ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi kiasi cha kulichemsha tone na kulirusha usoni. Usifyonze chochote kwa mdomo, hata maji matupu. Kuhusu glavu, kosa kubwa si kutozivaa. Kosa ni kuzivaa halafu ukashika nazo simu, kitasa cha mlango na kalamu ya mwenzako. Ukitaka kutumia simu kama saa, itie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye karatasi ya maelekezo haimtaji: fundi sanifu wa maabara. Huyu ndiye anayejua ni pipeti ipi inavuja, ni beseni lipi la maji moto linazidisha nyuzi 5, na ni chupa ipi imefunguliwa tangu mwaka juzi. Mpe shikamoo yake, mwulize, na msikilize. Ushauri wake wa dakika moja mara nyingi huzidi kurasa kumi za kitabu.

Mkono na pipeti

Pipeti ya pistoni, ile inayobonyezwa kwa kidole gumba, ilibuniwa na Heinrich Schnitger huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1957. Kabla yake watu walifyonza kwa mdomo. Ni kifaa chepesi kukishika na kigumu kukitumia vizuri, na karibu kila namba utakayoipata muhula huu itapitia hapo.

Anza na dirisha la tarakimu. Pipeti nyingi huonyesha tarakimu tatu tu. Tarakimu 1-0-0 kwenye pipeti ya mikrolita 20 ni mikrolita 10. Kwenye ya mikrolita 200 ni 100. Kwenye ya mikrolita 1000 ni 1000 kamili. Mwanafunzi anayeikamata pipeti isiyo yake bila kuangalia maandishi ya juu anaweza kuweka mara kumi ya alichokusudia, na mmumunyo hautamwambia kitu. Chagua pipeti ambayo ujazo unaoutaka haupo kwenye ncha yake ya chini kabisa: mikrolita 100 zivute kwa pipeti ya 200, ingawa ya 1000 nayo inakubali kuwekwa hapo. Wala usizungushe kitasa kupita kikomo chake. Humo ndani kuna skrubu ndogo, na ikilegea pipeti itasoma uongo mpaka ipelekwe kwa mtaalamu.

Sasa mwendo wenyewe. Bonyeza hadi kituo cha kwanza, pale unapohisi upinzani, ukiwa bado hujagusa kimiminika. Shusha ncha milimita 2 au 3 chini ya uso, pipeti ikiwa wima. Achia kidole polepole, kisha ngoja sekunde moja kabla ya kutoa. Kimiminika bado kinapanda. Ukitoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa neli unakopeleka, bonyeza hadi kituo cha kwanza, kisha malizia hadi cha pili. Anayevuta kutoka kituo cha pili huchukua zaidi ya kiasi, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Ncha mpya ilowanishe kwanza kwa kuvuta na kurudisha mara mbili tatu. Kimiminika kizito kama gliseroli hakitaki haraka yoyote. Na pipeti yenye kimiminika kwenye ncha usiilaze mezani, kitarudi ndani na kuozesha chuma chake.

Utajuaje kama mkono wako umekomaa? Pima maji. Weka bika ndogo kwenye mizani ya tarakimu nne, ifanye isome sufuri, kisha dondosha mikrolita 1000 za maji yaliyokenekwa mara kumi, ukiandika uzito wa kila mara. Kwa joto la nyuzi 20, mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 0.998; kwa nyuzi 30, joto la kawaida la maabara nyingi za mwambao, ni gramu 0.996. Kama namba zako zote kumi zinazunguka 0.970, mkono wako ni mzuri ila pipeti ina kasoro: kwa pipeti ya ukubwa huo kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 kinaruhusu kupotoka kwa asilimia 0.8 tu, nayo imepotoka zaidi ya asilimia 2. Kama namba zinaruka, 0.951, 1.022, 0.987, pipeti inaweza kuwa nzima kabisa na tatizo ni kidole chako. Tofauti ya magonjwa haya mawili uielewe vizuri, kwa sababu dawa zake haziingiliani. La kwanza haliponi kwa kurudia mara nyingi. Wastani wa namba mia zilizopotoka upande mmoja bado umepotoka. La pili hupungua kwa mazoezi na kwa kurudia.

Jambo la kundi. Maabara nyingi hupanga wanafunzi wanne hadi sita mezani, na baada ya wiki mbili utakuta mmoja ndiye anayeshika pipeti daima, mwingine anaandika, na waliobaki wanapiga soga. Kataa. Dai zamu yako hata kama una mkono mzito. Mtihani wa vitendo utaufanya peke yako.

Bafa, na chupa inayosema uongo kwa kweli

Vimeng'enya vinaishi kwa masharti, na sharti la kwanza ni pH. Mwaka 1903 Victor Henri, akiwa Paris, aliandika mlinganyo wa kasi ya invertasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida, unaokaribiana sana na ule tunaoukariri leo. Lakini hakuidhibiti pH. Hata kipimo chenyewe cha pH kilikuwa bado, kwani Sørensen alikileta mwaka 1909 kutoka maabara ya Carlsberg huko Copenhagen. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, wakiwa Berlin, walirudi kwenye invertasi ile ile, wakatumia bafa ya asetati ili pH isiyumbe, wakapima kasi ya mwanzo tu kabla mambo hayajachanganyika. Majina yaliyobaki vitabuni ni yao. Unapochoka kusubiri mita ya pH itulie, kumbuka Henri.

Bafa ya fosfati, ambayo huenda ikawa ya kwanza kwako, hutengenezwa kwa chumvi mbili za sodiamu: moja inabeba upande wa asidi, nyingine upande wa besi. Namba ya kushika ni pKa yake, 7.2. Ukitaka pH 7.2, changanya pande hizo sawa kwa sawa. Ukitaka 6.9, inayolifaa zoezi la mate, sehemu moja ya besi kwa mbili za asidi, maana pengo la 0.3 ni uwiano wa nusu. Bafa hufanya kazi vizuri ndani ya kipimo kimoja juu au chini ya pKa yake; nje ya hapo una maji ya chumvi yaliyopewa cheo.

Mtego upo kwenye chupa. Chumvi ya fosfati yenye sodiamu mbili huuzwa kwa sura kadhaa: isiyo na maji ndani yake, yenye uzito wa gramu 142 kwa moli, na yenye molekuli 12 za maji, gramu 358 kwa moli. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa moja, stoo imeleta nyingine. Ukipima gramu za ile ya kwanza kwa kutumia poda ya pili, umeweka asilimia 40 tu ya fosfati uliyoihitaji, na pH itakuwa mbali na uliyoitarajia. Chupa haijakudanganya, uzito wa moli umeandikwa ubavuni. Usome kila mara, na uuandike daftarini. Vidonge vya hidroksidi ya sodiamu navyo vina tabia yao: katika unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa huvuta maji ya hewani mbele ya macho yako, hata vikalowa kwenye karatasi ya kupimia. Pima haraka, funika chupa, na usidai kwamba ukolezi wako ni sahihi hadi tarakimu nne.

Tris ni bafa nyingine utakayokutana nayo, na hiyo huyumbishwa na joto. pH yake hushuka karibu 0.028 kwa kila nyuzi moja inayopanda, na hupanda kwa kiasi hicho joto likishuka. Itengeneze mezani kwa nyuzi 30, uiweke pH 7.5, kisha uitumie kwenye barafu kwa nyuzi 4: sasa ni 8.2. Vitabu vingi viliandikwa na watu ambao maabara zao zina nyuzi 20, kwa hiyo wao pengo hilo huliona dogo kuliko wewe. Rekebisha pH kwenye joto utakalofanyia kazi.

Mita ya pH isawazishwe kwa bafa mbili zinazoizingira pH unayoitaka, mfano 4 na 7, au 7 na 10. Kichwa chake cha kioo kisuuzwe na kukaushwa kwa kugusishwa karatasi laini, si kwa kusuguliwa. Na mpangilio huu usiugeuze: yeyusha chumvi kwenye asilimia 80 hivi ya maji, rekebisha pH, halafu ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza kwanza, kila tone la asidi utakaloongeza litakuvusha alama.

Hesabu za kuzimua zinawatisha watu bila sababu. Ukolezi wa mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukolezi wa mwisho mara ujazo wa mwisho. Una chumvi ya mezani ya 5 M, unataka mililita 100 za 0.15 M: zidisha 0.15 kwa 100, gawa kwa 5, ni mililita 3. Baada ya kupata jibu, jiulize kama lina akili. Unazimua kama mara 33, na mililita 3 ni kama moja ya 33 ya 100. Sawa. Kujiuliza huko huchukua sekunde tano na huokoa alasiri nzima.

Mashine ya mwanga

Spektrofotomita hupitisha mwanga wa rangi moja kwenye kuveti na kupima kiasi kilichofyonzwa. Iwashe mapema, nusu saa ukiweza, taa itulie. Umeme ukikatika na kurudi, usiendelee pale ulipoishia. Subiri tena, weka blanki tena, na rudia kupima angalau sampuli moja uliyokwisha kuipima ili ujue kama mashine imerudi palepale.

Blanki ni kila kitu kilichomo kwenye sampuli isipokuwa kile unachokipima. Si maji, labda kama sampuli yako yote ni maji. Kuveti ishikwe kwa pande zenye ukungu, ifutwe, na ielekezwe upande uleule kila mara. Za plastiki zinatosha kwa mwanga unaoonekana. Kwa urujuanimno wa chini ya nanomita 300, mfano ukipima protini kwa 280, tumia kwatzi.

Sasa namba. Ufyonzaji wa 1 maana yake asilimia 10 tu ya mwanga imepita. Ufyonzaji wa 2, asilimia 1. Ukisoma 2.3 ujue mashine inahangaika kubagua giza na giza zaidi. Zimua sampuli upime upya. Mashine nyingi za kufundishia ziamini kati ya 0.1 na 1.

Kwa protini, njia utakayofundishwa huenda ikawa ya Marion Bradford, ya mwaka 1976. Rangi ya Coomassie ni ya kahawia ikiwa peke yake, na hugeuka bluu inaposhikamana na protini. Bluu hiyo hupimwa kwa nanomita 595. Unatengeneza neli za albumini ya ng'ombe zenye ukolezi unaoujua, unachora mstari, kisha sampuli yako unaisoma kwenye mstari huo. Ngoja dakika 5 baada ya kuchanganya, maliza kusoma ndani ya saa moja, na soma neli zako kwa mpangilio uleule uliozichanganyia ili zote ziwe zimesubiri muda sawa. Mambo matatu hayasemwi vya kutosha. Mstari huo si mnyoofu. Hupinda juu, kwa hiyo usiulazimishe rula. Sampuli iliyovuka neli yako ya juu kabisa haina jibu, izimue. Na rangi hushika zaidi protini zenye arjinini nyingi, hivyo miligramu moja ya albumini na miligramu moja ya protini nyingine hazitoi bluu sawa. Matokeo yako kwa hakika ni "sawa na albumini kiasi fulani." Yaandike hivyo. Sabuni nayo huvuruga rangi hii vibaya, kwa hiyo kuveti iliyooshwa ikasuuzwa nusunusu itakupa protini isiyokuwepo.

Mashine nyingine ni sentrifuji. Neli zinazokabiliana zisawazishwe kwenye mizani, jicho halitoshi. Na ukiandika "mizunguko 3000 kwa dakika" hujaandika kitu mpaka useme upana wa rota: kwa nusu kipenyo cha sentimita 10 nguvu ni karibu mara 1000 ya mvutano wa dunia, kwa sentimita 15 ni karibu mara 1500.

Mate na wanga

Zoezi hili ni rahisi, halina gharama, na wanafunzi huliona la sekondari. Wanga huchanganywa na mate, amilasi ya mateni huukatakata, na iodini inayougeuza wanga kuwa bluu nyeusi huacha kuugeuza. Unapima muda mpaka rangi inapotoweka, kwa joto mbalimbali na pH mbalimbali. Hapa ndipo utajifunza maana ya neli linganishi, au utakosa kuijifunza.

Suuza mdomo kwa maji, subiri kidogo, temea kwenye bika safi, kisha zimua sehemu moja kwa 20 kwa kuanzia. Tumia mate yako mwenyewe na uoshe vyombo vyako mwenyewe. Mfululizo mzima ufanywe kwa mate ya mtu mmoja, kwani watu hatulingani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihesabu nakala za jeni ya amilasi ya mate, AMY1, kwa watu wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wahadza na Wadatoga wa kaskazini mwa Tanzania. Jamii zilizozoea vyakula vya wanga, Wahadza wachimba mizizi wakiwemo, zilikuwa na nakala nyingi kwa wastani kuliko zile zisizokula wanga mwingi, kama Wadatoga wafugaji. Na kadiri nakala zinavyozidi, ndivyo amilasi ya mateni inavyozidi. Ukichanganya mate ya watu watatu kwenye grafu moja, unapima watu, hupimi joto.

Wanga wa asilimia 1 upikwe mpaka uwe ang'avu, upoe. Ongeza bafa ya fosfati ya pH 6.9 na chumvi kidogo ya mezani; amilasi hii huhitaji kloridi ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Pasha wanga moto peke yake na mate peke yake kwenye beseni la nyuzi 37 kwa dakika 5 kabla ya kuchanganya, la sivyo dakika zako za kwanza zitakuwa za kupasha moto tu. Panga matone ya iodini kwenye kigae cheupe, na kila sekunde 30 dondosha tone la mchanganyiko. Utaona bluu nyeusi, kisha zambarau, kisha hudhurungi nyekundu, mwisho rangi ya iodini yenyewe. Ikitoweka kabla ya dakika 1, zimua mate zaidi; ikichukua zaidi ya dakika 10, punguza kuzimua. Lenga kati ya dakika 3 na 6. Kwenye grafu usichore muda, chora moja kugawa kwa muda, kwa sababu unachokitafuta ni kasi.

Sasa mitego. Rangi ya bluu ya wanga na iodini haivumilii joto. Mmumunyo ukiwa wa moto sana rangi hutoweka yenyewe na hurudi ukipoa. Mwanafunzi huchukua tone kutoka neli ya nyuzi 90, hakuna bluu, anaandika kwamba amilasi inafanya kazi vizuri sana kwa nyuzi 90. Amilasi hiyo imekufa zamani. Poza tone kwanza, halafu pima.

Mtego wa pili ni wa upande wa alkali. Kwenye pH ya 10 na kuendelea iodini yenyewe hubadilika kikemia na kupoteza uwezo wa kuupaka wanga rangi. Kigae kinabaki cheupe tangu tone la kwanza. Nimeshapokea ripoti nadhifu, grafu imechorwa kwa penseli iliyochongwa, zikisema pH bora ya amilasi ya mate ni 11. Kila kitu kimepangwa vizuri, isipokuwa hakuna aliyeweka neli moja ya wanga na bafa ya pH 11 bila mate. Angeiweka angeona nayo haina bluu, na angejua papo hapo kwamba anayesema ni iodini, amilasi haijasema neno.

Kwa hiyo sheria ya zoezi hili, na ya mengi yatakayofuata, ni kwamba kila hali unayoibadilisha iwe na neli yake isiyo na kimeng'enya. Si neli moja kwa zoezi zima. Kila joto na yake, kila pH na yake. Ongeza nyingine yenye mate yaliyochemshwa kwa dakika 10, ili uone kwamba kilichofanya kazi kilikuwa kitu kinachouawa na joto.

Ukibakiza muda, fanya jaribio hili dogo. Neli moja iweke kwenye barafu, nyingine iwe na mate yaliyochemshwa. Zote mbili hubaki bluu. Sasa zipeleke kwenye nyuzi 37. Iliyokuwa barafuni itaanza kupoteza rangi, iliyochemshwa haitabadilika. Namba za mwanzo zilikuwa sawa kabisa, sababu zake ni mbili tofauti: baridi ilikipunguza kasi kimeng'enya, moto ulilivuruga umbo lake. Hutalijua hilo kwa kukitazama kigae mara moja.

Daftari na ripoti

Daftari la maabara liwe na kurasa zilizoshonwa, liandikwe kwa wino, tarehe juu. Andika namba moja kwa moja humo, si kwenye kiganja wala kipande cha karatasi kitakachoishia mfukoni. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka. Namba uliyoikataa saa nane unaweza kuihitaji saa kumi. Andika ulichokiona kabla ya unachokifikiri: "zambarau hafifu dakika ya 3," ndipo maelezo. Andika pia aina ya chumvi, uzito wake wa moli, namba ya pipeti uliyotumia na joto la chumba.

Kwenye ripoti, sehemu ya makosa ndiyo inayonionyesha nani alikuwepo kwa akili zake zote. "Makosa ya kibinadamu" hayana maana. Kila kitu maabarani ni cha kibinadamu. Sema lipi, lilisukuma namba upande gani, na kwa kiasi gani. "Beseni lilikuwa nyuzi 34 badala ya 37, hivyo kasi zetu zote huenda ni ndogo kuliko halisi" ni sentensi ya mtu anayejua alichofanya. Usiandike tarakimu sita kwa sababu kikokotoo kimezitoa. Kama pipeti yako ina uhakika wa asilimia 1, tarakimu tatu zinatosha.

Na kuhusu kupika data. Kila mwaka wapo wanaopika, na wengi hukamatwa kwa sababu ile ile: namba za kupikwa ni safi mno. Vipimo vitatu vya neli moja vinatoka 0.412, 0.412, 0.413, wakati mkono wa mwandishi, kwa ushahidi wa zoezi la maji la wiki ya kwanza, hutawanyika kwa asilimia 3. Ukiishiwa muda, au jaribio likikataa, peleka ulichokipata: neli tatu kati ya nane, grafu yenye pengo, na maelezo ya neli linganishi ilionyesha nini. Ripoti hiyo nitaisahihisha kwa furaha, na ina njia ya kupata alama. Kabla hujaondoka mezani, suuza kuveti kabla rangi haijakauka, rudisha pipeti kwenye kiwango chake cha juu ili springi ipumzike, na mwombe mwelekezi asaini ukurasa wa namba zako ghafi siku hiyohiyo.